Kabla ya Mvua, Ingia Chini ya Tela

Tela la trekta mkoani Dodoma halina msimu wa kupumzika. Kuanzia Mei linasomba mahindi, mtama na alizeti kutoka mashamba ya Kongwa, Chamwino na Mpwapwa, mengine yakienda Soko la Kibaigwa, mengine yakiishia kwenye ghala la nyumbani. Mavuno yakikatika linapakiwa simtanki na kupeleka maji kwenye vitongoji ambako bomba halijafika. Likitoka kwenye maji linashuka korongoni kuchota mchanga, kwa sababu tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ujenzi haujatulia, kuanzia Mtumba hadi Nala. Kisha kuna samadi ya wakulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali. Siku ya mnada ni mbuzi na ng'ombe. Na juu ya mizigo yote hiyo, tupende tusipende, wanapanda watu.

Mwenye tela hukagua tairi kwa sababu pancha humsimamisha njiani. Hukagua ndoano na pini kwa sababu anajua tela likichomoka litaua mtu. Sakafu haikagui. Anaifagia, anaona mbao zimepangana, anapakia. Siku inapomshtua huwa ni siku mbaya: gunia limezama mguu mmoja, au mguu wa ng'ombe umepita katikati ya mbao mbili na kuvunjika, au mtoto aliyekaa pembeni ameona ardhi ikikimbia chini yake karibu na tairi. Hapo anaitwa fundi, linaletwa bati, linatandikwa juu ya mbao zilezile, linachomelewa pembeni, na kazi inaendelea siku hiyohiyo. Ninaandika makala haya hasa kwa ajili ya bati hilo. Sakafu ya tela huoza kuanzia chini, pale mbao inapolala juu ya chuma, na matengenezo yake lazima yaanzie hukohuko chini. Bati la juu linaficha ugonjwa, linaongeza uzito, na linaufungia ndani unyevu uliouleta.

Najua pingamizi litakalotolewa. Dodoma ni kukavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hauzidi sana milimita 600. Kutu, wanasema wengi, ni shida ya watu wa Tanga na Dar es Salaam wanaoishi na bahari. Lakini tela halisubiri mvua ya mbinguni. Linajibebea maji yake lenyewe. Fangasi wanaoozesha mbao hawaanzi kazi mpaka unyevu ndani ya mbao upite asilimia 20 hivi, na mbao iliyokaa juani Dodoma mwezi wa Septemba iko chini sana ya hapo. Ila ile inayolowa chini ya simtanki linalovuja kila siku, na kukaa kivulini mwa simtanki hilohilo, haikauki hata Septemba. Ndiyo maana matela mengi ya maji huoza kiangazi, wakati mwenye tela anaamini sakafu yake inapata jua la kutosha.

Mchanga wa korongoni hupakiwa ukiwa mbichi. Maji yake huchuruzika polepole kwenye nafasi za mbao, na chembe ndogo hubaki zimekwama kati ya mbao na chuma. Hapo zinafanya mambo mawili. Zinashika unyevu, na zinasaga. Tela likitikisika kwenye barabara ya mashimo, mbao na chuma husuguana huku mchanga ukiwa katikati, na rangi ya chuma huondoka kwanza. Udongo wa Kongwa una sifa hiyo tangu zamani: Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, ardhi ile iliwashinda, ilikauka ikawa ngumu kama tofali na kusaga vyuma vya zana zao upesi kuliko walivyotarajia, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umefutwa. Udongo huo ndio unaorushwa na tairi za tela chini ya sakafu, safari baada ya safari.

Mifugo na samadi ni mbaya zaidi kuliko mchanga. Mkojo una chumvi na una amonia, nao huingia moja kwa moja kwenye matundu ya bolti, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Mbolea ya viwandani nayo, hasa gunia likipasuka, huacha chembe zinazovuta unyevu wa usiku na kula chuma taratibu. Tela lililobeba samadi Jumatatu na kupakiwa mahindi Jumanne bila kuoshwa lina makosa mawili kwa mpigo, moja la sakafu na lingine la chakula. Ukilibebesha samadi, lioshe siku hiyohiyo, na uliache limeinamishwa nyuma ili maji yatoke. Maji ya kuoshea yanayotuama nayo yanaozesha.

Kabla ya kuingia chini, tuongee uzito, kwa sababu sakafu nyingi zinazoitwa mbovu zilikuwa nzima mpaka zilipopewa mzigo usio wao. Chukua tela la tani 5, lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Magunia ya kilo 100, uzito ambao ndio kikomo kinachotambuliwa na Sheria ya Vipimo, yanaingia 50. Yakiwa ni lumbesa ya kilo 130, yaleyale 50 yamekuwa tani 6 na nusu. Lumbesa inampunja mkulima bei, na hilo limesemwa sana. Kinachosemwa kidogo ni kwamba inamvunjia tela pia. Mchanga ni hatari zaidi kwa sababu hauhesabiki kwa gunia. Mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi inakaribia tani 2. Kingo za tela zikiwa na kimo cha nusu mita na ukajaza mpaka juu, umebeba zaidi ya tani 7 kwenye chombo cha tani 5. Chora mstari wa rangi ndani ya kingo, sentimita 30 kutoka sakafuni, na umwambie kijana wa koleo kwamba mchanga haupiti hapo. Mstari huo utakuokolea mbao nyingi kuliko ushauri wote utakaousoma hapa chini.

Tena kuna mizigo inayobana mahali pamoja. Gunia hulala, uzito wake ukasambaa. Simtanki la lita 1,000 ni tani moja nzima iliyosimama kwenye duara dogo. Pipa la lita 200 husimama kwenye ukingo wake tu. Ng'ombe wa kilo 250 huweka uzito huo kwenye kwato nne, na tela likikata kona anaweza kuuweka kwenye mbili. Sakafu inayostahimili tani 4 za mahindi inaweza kutobolewa na ng'ombe mmoja. Kwa hiyo usiseme sakafu yako ni imara kwa kuwa juzi ilibeba gunia arobaini.

Wakati mzuri wa kukagua ni Oktoba au mapema Novemba. Mavuno yameisha, mbao zimekauka kiasi cha kuonyesha nyufa zake, na fundi hana foleni. Anza juu. Fagia, kisha mwagia sakafu yote maji na uoshe kwa brashi ngumu. Usiondoke. Kaa uangalie inavyokauka. Kwa jua letu, mbao nzima hurudia rangi yake kwa muda mfupi. Iliyooza hubaki na doa jeusi lililolowa wakati majirani zake wameshakuwa weupe. Weka alama ya chaki kwenye kila doa kabla halijapotea. Utagundua alama zinafuatana: kwenye mistari ambapo chini yake kuna chuma cha kukingama, kwenye ncha za mbao upande wa nyuma, na pale simtanki hukaa.

Kisha chukua bisibisi pana. Iingize kwenye mbao kwa pembe na uinyanyue. Mbao hai hukataa, na ikikubali inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, pamoja na mlio wa kukatika. Iliyokufa hutoa kipande kifupi kinachovunjika kimya, mara nyingi kikiwa cha mraba. Nilimwona fundi kijana pale Kibaigwa akimfanyia hivi mama mmoja mwenye tela, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya bati la kutandika juu. Mama alikuwa amesimama juu ya mbao ileile akimwambia, "Si unaona imenibeba?" Kijana akainama akaingia chini, akamwomba, "Mama, samahani, pitisha mkono wako hapa uguse mwenyewe." Mama akapitisha mkono, vidole vikazama ndani ya mbao hadi kwenye kucha, vikatoka na unga wa kahawia wenye harufu ya uyoga. Juu palikuwa pamebaki ganda la unene wa sentimita moja, gumu, limeng'arishwa na magunia. Hakuuliza tena habari ya bati.

Hapo ndipo mkazo wa makala haya ulipo. Lazima uende chini. Na kabla hujaenda chini, linda maisha yako. Tela la ekseli moja hupinduka kama mizani ukilitoa kwenye trekta bila kulikinga mbele na nyuma. Lisimamishe likiwa tupu, kwenye ardhi ngumu na tambarare, weka mawe au kabari mbele na nyuma ya kila tairi, likinge kwa stendi au magogo mazito chini ya chasisi, mbele na nyuma, ndipo ulitoe kwenye trekta. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Kama ni tela la kumwaga na umelinyanyua bodi, usiingize hata mkono kabla ya kuweka chuma au gogo la kulizuia lisishuke. Mpira wa haidroliki ukipasuka bodi hushuka kwa mshtuko, na hakuna mwanadamu anayewahi kujitoa.

Ukiwa chini na tochi, tazama kwanza mistari ambapo mbao inagusa chuma. Kutu ikishamea hapo huvimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Hivyo utakuta mbao imenyanyuliwa, bolti zimevutwa, na wakati mwingine kichwa cha bolti kimezama upande wa juu bila mtu kujua kwa nini. Gonga kila chuma cha kukingama kwa nyundo ndogo, kuanzia katikati kuelekea ncha. Kizima hulia. Kilicholiwa hutoa mlio uliokufa na kudondosha magamba. Endelea kugonga hadi magamba yaishe, maana unataka kujua kimebaki chuma kiasi gani chini yake. Kama nyundo inaacha shimo, au ukingo umekuwa mwembamba hadi unaweza kuukunja kwa koleo, hicho hakiungwi, kinabadilishwa.

Viungo vya kuchomelewa viangalie kwa uvumilivu zaidi. Ufa wa chuma mara nyingi hauonekani wenyewe. Kinachoonekana ni mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaotoka kwenye kiungo kwenda chini, kana kwamba pametoka machozi. Sehemu zinazopasuka mapema ni pale chuma cha kukingama kinapotoka nje ya chaneli kuu. Katika matela mengi chaneli mbili kuu hukaa katikati, na vyuma vya kukingama hujitokeza kila upande nusu mita hivi bila kushikwa na kitu. Ncha hizo ndizo zinazobeba ukingo, na watu waliokaa juu ya ukingo. Vuta uzi uliokazwa kutoka ncha moja hadi nyingine chini ya kila chuma. Ukiona katikati pana nafasi kati ya uzi na chuma, ncha zimeinama na chuma kimeshapinda, na sakafu itaendelea kupinda hata ukiweka mbao mpya za mninga mtupu.

Mchwa nao usiwasahau. Tela lililopaki miezi miwili nyuma ya nyumba, ulimi wake umekaa juu ya gogo na mbao za nyuma zikikaribia nyasi, ni daraja la mchwa. Tafuta vichuguu vya udongo vinavyopanda kwenye tairi, kwenye stendi na kwenye ulimi. Ukivikuta, toboa mbao ya karibu kwa bisibisi kabla hujafanya lingine.

Sasa matengenezo. Anza na vyuma, maliza na mbao, na jiulize kwanza kuhusu umbali kati ya chuma na chuma. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wetu wengi huliruka. Mbao inayolala juu ya vyuma viwili vilivyoachana sentimita 80, ukiweka chuma kimoja katikati yake ikawa sentimita 40, uwezo wake wa kubeba mzigo unaobana mahali pamoja huongezeka mara mbili hivi, na kubonyea kwake hupungua hadi kufikia sehemu moja ya nane. Chuma kimoja cha kukingama hufanya kazi hiyo. Bati la milimita 3 kutandikwa juu ya tela lote, mita za mraba 8, huongeza takriban kilo 190, karibu magunia mawili unayoyabeba bila malipo kila safari, na bado limelala juu ya mbao ileile inayobonyea. Kwa mwenye pesa ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, ninamshauri aongeze vyuma vya kukingama viwili au vitatu chini ya eneo la simtanki na nyuma ambako mifugo hupandia, na aachane na bati.

Chuma cha kuongeza kiwe na kimo kilekile cha vile vya awali, la sivyo mbao hazitakaa sawa na utalazimika kuweka vipande vya kusawazisha ambavyo hudondoka. Kilaze juu ya chaneli kuu mbili na ukichomelee kwenye mbavu zake kwa vipande vya engo, ukiacha kabisa mdomo wa chini wa chaneli. Mdomo huo ndio unaovutwa tela likiwa na mzigo. Ukiukata, ukautoboa au ukauchomelea kwa kukingama katikati ya tela, umeuandalia ufa. Kwa zile ncha zilizojitokeza nje, tegemeza kwa kipande cha engo kinachopanda kwa mshazari kutoka kwenye ubavu wa chaneli kuu hadi karibu na ncha. Kazi ndogo, lakini ndiyo inayonyoosha ukingo. Choma vipande vifupi vifupi ukibadilisha upande, usitembee na moto mstari mmoja mrefu, maana chuma kitajikunja kwa joto.

Mbao zitoke kabla moto haujawashwa. Chini ya sakafu ya tela kuna makapi ya alizeti na vumbi la mahindi lililokauka kwa miezi, na cheche moja ikiingia humo inaweza kufuka kimya na kuwaka usiku mmeshalala. Weka ndoo mbili za maji karibu, na tela liwe limetolewa kwenye trekta ili umeme wa kuchomelea usipite kwenye betri na alteneta. Fundi avae miwani na glovu. Mafundi waliopita VETA Dodoma wanayajua haya yote. Kinachokosekana mara nyingi ni mteja kukubali kulipia muda wa kuzitoa mbao. Lipia.

Chuma kikishatengenezwa, kisugue kwa brashi ya waya hadi king'ae, kipake rangi ya msingi nyekundu mara mbili, kisha upande wa juu unaogusa mbao ukipake lami ya maji koti nene. Iache ikauke kabisa. Wapo wanaoweka vipande vya tairi kuukuu kati ya mbao na chuma ili kupunguza kelele. Sivipendi. Hushika maji kuzunguka bolti, na baada ya miaka miwili mitatu ukivitoa unakuta chini yake tope.

Kuhusu mbao, mninga na mkongo hazina mpinzani. Zinavumilia unyevu, mchwa hawazipendi, na mninga hasa haujikunji sana ukipata jua na maji kwa zamu. Bei yake ni kubwa na miti yenyewe imepungua kwenye mapori ya Manyoni na Tabora, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye vibali, udai risiti, na ukubali kwamba sakafu nzima ya mninga si ya kila mtu. Msaji unafaa na unatoka kwenye mashamba ya kupandwa. Mkaratusi una nguvu lakini hupasuka na kujipinda usipokaushwa vizuri. Mpaini wa Mufindi ni laini. Ukiutumia, uwe uliotiwa dawa kiwandani na wenye unene wa kutosha. Hapa kumbuka kwamba unene wa mbao una faida kubwa kuliko unavyodhani: mbao yenye unene mara mbili hubeba mara nne, si mara mbili. Njia ninayoipendekeza kwa mfuko wa kawaida ni kuchanganya. Weka mninga au mkongo nyuma, pembeni na chini ya simtanki, na mbao za bei nafuu katikati ya mbele ambako mzigo ni mwepesi na hakulowi.

Usikate kipande kilichooza na kuziba kwa kiraka kifupi kati ya vyuma viwili. Mbao mpya ivuke vyuma vitatu kwa uchache, na kila kiungo cha mbao na mbao kikae juu ya chuma, visifuatane vyote kwenye chuma kimoja. Ncha za mbao ndizo hunywa maji kwa pupa, kwa hiyo zichovye kwenye lami au rangi kabla ya kuzipanga, na kila tundu jipya la bolti lipake ndani. Tumia bolti zilizopakwa zinki, za kupita moja kwa moja, zenye washa pana chini. Misumari iache kwa mabanda ya kuku. Kama tela ni la maji, mchanga au mifugo, acha nafasi ya milimita 5 kati ya mbao na mbao ili pawe na njia ya maji na hewa. Kama ni la nafaka, bado acha nafasi hiyo, kisha tandika turubai siku ya kubeba mahindi, ulikunje ukimaliza.

Kuna desturi moja ninayoomba tuiache, ya kupaka sakafu oili chafu ya injini. Nimeikuta kila mahali kuanzia Bahi hadi Gairo. Inatoa weusi unaoonekana kama ulinzi, na kwa muda mfupi maji huteleza juu yake. Lakini haina dawa ya kuua fangasi wala mchwa, na ina mabaki ya metali na kemikali za injini ambazo huingia kwenye magunia ya mahindi, kwenye mashudu ya ng'ombe, na kwenye miguu ya watoto wanaokaa humo peku. Sakafu inayobeba chakula cha watu isipakwe kitu ambacho usingekubali kimwagike ghalani kwako.

Na watu. Tela halikuundwa kwa ajili ya abiria, na kila anayeishi huku anajua kwamba siku ya msiba, ya mnada au ya kwenda shambani hakuna usafiri mwingine. Kwa kuwa wanapanda, basi mbao mbili za pembeni kila upande, zilizo juu na nyuma ya tairi, zipewe hadhi ya pekee. Zikaguliwe kila mwezi kwa bisibisi. Zikionyesha ulaini wowote, tela lisimame siku hiyo, hata kama magunia yanangoja.  Mtu akipita kwenye sakafu juu ya tairi hatoki mzima. Dereva hana namna ya kumsikia kwa kelele za injini, ndiyo maana ninasisitiza pembeni na nyuma kuliko mahali pengine popote.

Ukirudi kazini, saidia sakafu mpya. Chini ya simtanki laza mbao mbili nene za kukingama, zenye kufika kwenye vyuma vitatu au vinne, ili tani ile moja igawanyike na hewa ipite chini yake. Zungusha uzi wa mpira kwenye koki inayovuja leo, usingoje wiki ijayo. Simtanki likikaa wiki nzima juu ya tela bila kazi, lishushe. Pakia mzigo mzito karibu na ekseli, ukiegemea mbele kidogo ili ulimi ukae chini bila kuikandamiza trekta.

Bolti nazo zitalegea, hata kama fundi alikaza kwa nguvu zote. Mbao uliyonunua ikiwa na unyevu kidogo itanyauka katika upepo wetu wa kiangazi, na unene ukipungua milimita mbili tu nati zinaanza kucheza. Zikaze tena baada ya wiki mbili za kwanza, tena baada ya mwezi, kisha mwisho wa kila msimu. Piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma siku ya kukaza. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na utaona kwa kupitisha tochi bila kugusa spana. Nati ikifika mwisho wa uzi wa bolti na mbao bado inacheza, ongeza washa ya pili, na uitazame tena mbao hiyo kwa bisibisi upande wa chini.